Kutoka Mti hadi Karatasi: Mwana Hiti wa Kisarawe na Kibaha kama Chanzo cha Vielelezo vya Vitabu

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna umbo la mwana hiti, mwanasesere wa mwali wa Kizaramo, linavyoweza kuwa chanzo cha vielelezo vya vitabu, na yanabainisha kinachopotea umbo hilo linapochukuliwa kutoka katika picha ya katalogi badala ya kifaa chenyewe. Hoja kuu ni kwamba utumiaji upya wa umbo ni jambo la kale katika Kisarawe na Kibaha, wala si kosa la kisanaa. Tatizo huanza pale njia iliyopitiwa na umbo inapofutika, kiasi kwamba msomaji, na mara nyingine mchoraji mwenyewe, hawezi tena kutambua kama kilichochukuliwa ni cha mchongaji, cha mpiga picha au cha mchoraji aliyetangulia. Mjadala unaongozwa na nadharia ya Mwingilianomatini, na udhaifu wa nadharia hiyo mbele ya sanaa isiyoandikwa unaoneshwa pia.

1.0 Utangulizi

Mwandishi wa hadithi ya watoto anapoandika kwamba mwali alikaa ndani na mwana hiti wake, sentensi yake imekamilika; mengine atayajaza msomaji. Mchora vielelezo hana nafuu hiyo. Ni lazima aamue mwana hiti ana kimo gani, kichwa chake kina vishungi vingapi, ameshikwa kwa mkono upi, mkeka ulio chini umesukwa kwa mapambo gani, na mlango uko wazi au umefungwa. Kila uamuzi unadai chanzo. Chanzo kisipokuwapo karibu kitatafutwa mbali, na kisipopatikana kabisa mchoraji atachora anachokikumbuka kutoka katika kitabu alichosoma utotoni, yaani uamuzi wa mchoraji mwingine.

Kisarawe na Kibaha ni wilaya mbili za Mkoa wa Pwani. Mji wa Kisarawe uko nyuma ya vilima vya Pugu, kusini-magharibi mwa Dar es Salaam. Kibaha, makao makuu ya mkoa, iko kando ya Barabara ya Morogoro, kilometa zipatazo 40 kutoka jijini. Wazaramo wanaishi katika wilaya zote mbili, na kwa upande wa Kibaha wamechanganyika na Wakwere ambao makazi yao yanaendelea hadi Bagamoyo. Mchoraji wa Dar es Salaam anaweza kupanda daladala asubuhi na kufika huko kabla ya jua kuwa kali. Hata hivyo, picha za mwana hiti zinazopatikana kwa urahisi zaidi ni zile zilizochapwa Ulaya, hasa Ujerumani, katika vitabu vya wakusanyaji na katalogi za maonesho. Umbo lililochongwa umbali wa saa moja kutoka mezani kwa mchoraji humfikia baada ya kupita München au Berlin. Mzunguko huo ndio unaoshughulikiwa hapa, kwa kuwa una athari katika mchoro wenyewe na si katika historia ya makumbusho tu.

2.0 Mwingilianomatini na mpaka wake

Nadharia ya Mwingilianomatini, iliyopewa jina hilo na Julia Kristeva katika miaka ya 1960 alipokuwa akizichambua fikra za Mikhail Bakhtin, inashikilia kwamba hakuna matini inayojitegemea: kila matini imesukwa kwa matini nyingine zilizoitangulia. Katika tasnifu za Kiswahili nadharia hii imetumiwa zaidi kuchambua riwaya, tamthilia na ushairi. Kuihamishia katika vielelezo si vigumu, kwa sababu mchoro nao hunukuu, hudokeza, hugeuza na hudhihaki. Mchoraji anayechora sungura aliyevaa koti anazungumza na sungura wote waliowahi kuvalishwa nguo katika vitabu.

Mpaka wa nadharia hii unaonekana pale chanzo kisipokuwa maandishi. Anayenukuu riwaya hutaja mwandishi, mwaka na ukurasa. Msomaji akitaka atafungua kitabu na kuhakiki. Kinyago hakina ukurasa. Anayechukua umbo la kishungi kutoka katika kifaa cha mti hana desturi yoyote ya kumwelekeza msomaji, na wahakiki wengi hawamdai. Ndiyo maana mwingiliano wa matini andishi huitwa ufundi, ilhali ule wa sanaa za mikono huelekea kuitwa kwa jina lisilo na mwenyewe, "asili". Neno hilo linapotumiwa katika ukurasa wa shukrani wa kitabu hufunga mlango ambao nadharia ilikusudia kuufungua.

3.0 Umbo linalohama

Mwana hiti, ambaye maandishi mengine humwita mwana nyang'hiti, ni kifaa kidogo, mara nyingi cha kutosha kiganjani. Kiwiliwili chake ni mche mviringo usio na mikono wala miguu. Matiti na kitovu huoneshwa kwa vinundu vidogo. Uso huwa umefupishwa mno. Pengine ni alama mbili tatu tu, pengine ushanga mahali pa jicho. Kinachotawala ni kichwa, ambacho juu yake husimama kishungi kimoja au viwili vinavyowakilisha msuko wa nywele. Vifaa vya namna hii hupatikana kwa Wazaramo na Wakwere, na pia kwa jirani zao Wadoe, Wakutu, Wakami na Waluguru, jamii ambazo kwa desturi hufuata ukoo wa upande wa mama. Si lazima kiwe cha mti. Kibuyu kidogo au hata gunzi la muhindi limetumika kwa kazi hiyohiyo, na jambo hili lina uzito mkubwa kwa mchoraji: linaonesha kwamba mwana hiti hutambulikana kwa nafasi yake mikononi mwa mwali kabla ya kutambulikana kwa sura.

Nafasi hiyo ni ya malezi. Msichana aliyevunja ungo aliwekwa ndani, akafundwa na wanawake wakubwa, na katika muda huo alikabidhiwa mwana hiti amtunze kama mtoto: kumpaka mafuta, kumtengeneza nywele, kumlaza. Marja-Liisa Swantz, aliyefanya utafiti wake katika kijiji cha Bunju na kuuchapisha mwaka 1970, aliyaeleza mafunzo ya mwali pamoja na mti wa mkole unaohusishwa nayo, na akaonesha namna alama hizi zilivyofungamana na maisha ya ukoo, uzazi na afya. Kwa mujibu wa mtazamo huo, mwana hiti hawezi kuelezwa peke yake. Ni neno moja katika sentensi ndefu.

Umbo hilohilo, hata hivyo, halikubaki mikononi mwa mwali. Kiwiliwili cha mche na kichwa chenye vishungi vinaonekana juu ya fimbo, juu ya vizibo vya vibuyu vya dawa vya waganga, katika migongo ya viti vya wakubwa, na katika nguzo zilizosimamishwa makaburini. Mchongaji aliyepewa kazi ya kizibo hakubuni umbo jipya. Alichukua lililokuwapo, akalipunguza, akaondoa kiuno ili shina liingie katika mdomo wa kibuyu, akaacha kichwa. Aliyechonga nguzo ya kaburi alifanya kinyume: alilikuza umbo hadi kimo kikubwa, akalipa shina refu la kuchimbiwa ardhini, na vinundu vya matiti na kitovu vikabaki mahali pake.

Mambo mawili yanajitokeza katika mfululizo huo. Kwanza, kuna kisichobadilika na kuna kinachobadilika. Kishungi, mche na vinundu hubaki. Kimo, sehemu ya chini na nakshi za pembeni hufuata kazi ya kifaa. Mtu yeyote aliyekulia katika mazingira hayo angeweza kusoma mabadiliko hayo bila kuambiwa: chini kukiwa na shina jembamba, hiki ni kizibo, kukiwa na mguu mnene usiochongwa, hii ilikuwa ardhini. Pili, uhamaji wa umbo ulikuwa na sababu. Mwali anaingia utu uzima, mgonjwa anatafuta kurudi katika uzima, marehemu anaingia miongoni mwa wazee wa ukoo. Katika kila hali kuna mtu anayevuka kutoka hali moja hadi nyingine, na ukoo wa mama unamsindikiza. Utumiaji upya, kwa hiyo, ulikuwa ni hoja: mchongaji alisema kwamba kifo na kuvunja ungo vina jambo linalovihusisha, na alilisema kwa kishungi.

Inafaa kuongeza kwamba kurudiarudia umbo hakukuwafanya wachongaji wawe wasiojulikana. Kijiji kilichoagiza nguzo kilijua nani ameichonga, kama kinavyojua hadi leo fundi gani amejenga nyumba ya nani. Kutojulikana kulianza baadaye, vifaa vilipohamishwa. Wamisionari wa Berlin walifungua kituo Kisarawe mwaka 1892 na Maneromango mwaka 1895, na katika miaka ya utawala wa Kijerumani vifaa vingi vya pwani hii vilisafirishwa kwenda katika makumbusho ya Ujerumani. Kibandiko cha makumbusho kilihitaji jina la kabila na jina la aliyeleta. Jina la aliyechonga halikuwa na sanduku lake katika fomu, na kutokana na upungufu huo wa ukarani ikazaliwa imani kwamba sanaa hii haikuwa na watu, ilikuwa na kabila tu.

4.0 Picha ya katalogi

Kitabu kinachojulikana zaidi kuhusu vifaa hivi, kile cha Marc Felix chenye jina lenyewe la Mwana Hiti, kilitolewa München mwaka 1990. Miaka minne baadaye, mwaka 1994, maonesho makubwa ya sanaa ya uchongaji ya Tanzania yalifanyika Ujerumani na yakaacha katalogi nene iliyojaa picha. Thamani ya vitabu hivi kwa watafiti haina ubishi: bila hivyo, vifaa vilivyomo katika makabati ya watu binafsi visingeonekana kabisa. Lakini picha ya katalogi imetengenezwa kwa shughuli yake, na shughuli hiyo si ya mchora vielelezo.

Picha ya namna hiyo huondoa ardhi. Kifaa huwekwa mbele ya mandhari ya kijivu au nyeupe, hakuna mkono, hakuna mkeka, hakuna kivuli cha ukuta wa udongo. Taa hupangwa ili kung'arisha weusi wa mti uliopakwa mafuta kwa miaka mingi, na mng'ao huo ambao ni alama ya kutunzwa na wasichana hugeuka kuwa sifa ya urembo wa bidhaa. Kisha huondoa kimo. Mwanasesere wa kiganjani na nguzo ya kaburi huchapwa kwa ukubwa mmoja ili vijaze ukurasa. Tofauti yao imebaki katika tarakimu ndogo za sentimita zilizo chini. Mwisho, huondoa upande. Mwana hiti ni kifaa cha kugeuzwageuzwa, na kishungi chake kinapotazamwa kwa ubavu hakifanani na kinavyotazamwa kwa mbele. Katalogi humpa mchoraji upande mmoja, kwa kawaida wa mbele, na mchoraji anayemchora mwali kwa ubavu hulazimika kumbandikia mikononi umbo linalomtazama msomaji.

Athari ya jambo la pili ndiyo nzito kuliko zote. Mchoraji asiyesoma tarakimu anaweza, kwa nia njema kabisa, kumpakata mwali mfano wa nguzo ya kaburi. Kwa mtoto wa darasa la tatu mahali pengine mchoro huo hautakuwa na tatizo lolote. Kwa bibi wa Maneromango au wa Mlandizi anayefunuliwa kitabu na mjukuu wake, msichana aliye katika mafunzo ya uzazi amekabidhiwa alama ya msiba. Kosa la tahajia husahihishwa katika chapa ya pili. Kosa la namna hii huenda lisigunduliwe kamwe, kwa sababu wanaoweza kuligundua hawamo katika orodha ya wahariri.

Kuna jambo jingine ambalo wachoraji hulisahau. Anayenakili picha ya katalogi hanakili kazi ya mchongaji peke yake. Pembe ya kamera, mahali taa iliposimama, namna kivuli kilivyoangukia chini ya kidevu, vyote ni maamuzi ya mpiga picha. Mchoro ukiwa na kivuli hichohicho kwa upande huohuo, chanzo chake cha karibu ni picha, hata kama ukurasa wa shukrani unawataja mababu. Na mchoraji wa tatu atakapochukua umbo kutoka katika mchoro huo, atakuwa anarithi taa ya studio ya Ulaya akidhani anarithi mwanga wa Kisarawe.

Njia ya mchoro wa moja kwa moja ipo. Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam, yaliyofunguliwa mwaka 1940 kwa jina la Mfalme George wa Tano, na Kijiji cha Makumbusho chenye nyumba ya Kizaramo miongoni mwa nyumba zake za jadi, vinamwezesha mchoraji kuuzunguka ukuta, mlango na vyombo vya nyumbani, na kuvilinganisha kwa kimo na mwili wake mwenyewe. Kibaha nako kuna maktaba ya umma chini ya Shirika la Elimu Kibaha, taasisi iliyotokana na mradi wa nchi za Nordiki ulioanza mwaka 1963 na kukabidhiwa kwa serikali mwaka 1970. Maktaba haitatoa kifaa cha kushika, lakini inakutanisha maandishi na wasomaji wanaotoka katika vijiji vinavyoandikwa, na kuwaonesha rasimu za michoro wasomaji wa aina hiyo ni uhakiki ambao hakuna kamusi ya picha inayoweza kuutoa.

Hapa panahitajika tahadhari. Mafunzo ya mwali ni ya siri kwa sehemu kubwa, na kitabu cha shule husomwa na wavulana na wasichana pamoja. Kwenda kijijini na daftari hakumpi mchoraji haki ya kuchora kila anachosimuliwa. Kutolewa kwa mwali ni sherehe ya hadharani yenye ngoma, nguo mpya na umati. Hilo linachoreka bila kumvunjia mtu heshima. Yaliyosemwa ndani hayachoreki, na mchoraji mwenye busara ataonesha mlango uliofungwa na miguu ya wanawake chini ya pazia. Mara nyingine kielelezo kilicho sahihi ni kile kinachoacha kuonesha.

5.0 Mti, ubao na karatasi

Kuhamisha umbo kutoka sanaa moja hadi nyingine si jambo geni nchini. George Lilanga (1934–2005), Mmakonde aliyejulikana kupitia Nyumba ya Sanaa jijini Dar es Salaam, alianza kwa uchongaji na baadaye akawahamishia mashetani wa vinyago vya Kimakonde katika karatasi na turubai. Masikio makubwa, matumbo yaliyovimba na vidole vilivyotanuka vilivyokuwa na maana ya uzito katika mti vilipata katika karatasi wepesi wa katuni. Lilanga hakunakili kinyago. Aliuliza kinyago kingefanya nini kama kingeondolewa uzito. Alikuwa na faida ambayo mchoraji wa mwana hiti wa leo huenda asiwe nayo, nayo ni kwamba mikono yake ilikuwa imekwisha kuchonga. Alijua nyuma ya kinyago kuna nini.

Mfano wa Edward Saidi Tingatinga unafundisha kwa njia tofauti. Mzaliwa huyo wa Tunduru alianza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za mafuta juu ya ubao laini, na alifariki mwaka 1972, akiwa na miaka michache tu ya kazi. Wanafunzi na ndugu zake waliendeleza mtindo, na mwaka 1990 ukaundwa ushirika wao. Katika mazingira hayo, chui au tausi aliyependwa na wanunuzi alichorwa tena na tena na mikono mingi. Wahakiki wa nje wameliona hilo kama udhaifu. Ndani ya karakana hali ni ngumu zaidi kuhukumu, kwa kuwa mwanafunzi hujifunza kwa kurudia, na kurudia ni sehemu ya malezi ya fundi kama ilivyokuwa kwa mchongaji wa Kizaramo. Tofauti ni kwamba kwa mchongaji umbo lilihama kwa sababu tukio limebadilika, ilhali katika duka la watalii tukio ni lilelile, mauzo, na kwa hiyo umbo halina sababu ya kubadilika.

John Kilaka, mzaliwa wa Sumbawanga, ameuchukua mtindo huo na kuurudishia tukio. Katika vitabu vyake vya picha, vilivyochapishwa Uswisi na kutafsiriwa katika lugha kadhaa, wanyama wa Tingatinga wamevalishwa nguo, wamepewa ugomvi na urafiki, na wanafuata ngano za masimulizi. Mtindo umetambulika, mwendo ni wa kwake. Kwa istilahi za nadharia, Tingatinga anadokezwa na hanakiliwi, na msomaji anayemjua Tingatinga anafurahia zaidi. Huo ndio upimaji unaofaa: chanzo kikijulikana, je, mchoro unapata nguvu au unapungukiwa? Mchoro unaopungukiwa pindi chanzo chake kinapotajwa ulikuwa unaishi kwa kificho.

Tangu Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania uanzishwe mwaka 1991, mahitaji ya vielelezo vyenye mandhari ya nchini yamepata msukumo ambao hayakuwa nao awali. Mahitaji yakikua na muda wa kazi ukibaki mfupi, mchoraji hukimbilia picha iliyo karibu. Uharaka wa mchapishaji ni sababu ya kweli kuliko uvivu ambao wachoraji hushutumiwa.

6.0 Sheria inapoishia

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999 inalinda kazi ya msanii katika uhai wake na kwa miaka 50 baada ya kifo chake. Inamlinda mwenye kazi halisi, si mwenye wazo wala mwenye mtindo. Kwa hiyo mpiga picha wa katalogi analindwa, kama ambavyo mchoraji aliyetangulia analindwa. Sheria hiyohiyo ina sehemu inayohusu sanaa-jadi, kazi zilizokuzwa na kutunzwa na jamii kwa vizazi, ambazo ulinzi wake hauhesabiwi kwa umri wa mtu mmoja.

Msingi wa fikra hiyo ni Vifungu vya Mfano vilivyotolewa mwaka 1982 na UNESCO pamoja na Shirika la Miliki Ubunifu Duniani. Vifungu hivyo vinataka kibali pale sanaa-jadi inapotumiwa kibiashara nje ya mazingira yake ya desturi, na vinaagiza kwamba chapisho lolote litaje chanzo kwa kuonesha jamii au mahali sanaa hiyo ilipotoka. Lakini vinaweka nafuu kwa msanii anayeazima sanaa-jadi ili kuunda kazi yake mwenyewe ya asilia: huyo hahitaji kibali, na sharti la kutaja chanzo nalo halimfungi. Nafuu hii ilikusudiwa kutowabana wasanii wa nchi changa katika urithi wao wenyewe, na ni nafuu ya haki. Matokeo yake, hata hivyo, ni kwamba mchora vielelezo, ambaye kazi yake inafika katika mikono mingi kuliko ya mtafiti yeyote, ndiye ambaye kwa mantiki hiyo hadaiwi kusema lolote.

Hali inayotokea ni ya ajabu kidogo. Mchoraji aliyenakili picha ya katalogi akidhani yuko huru kwa kuwa mwana hiti ni wa mababu, anaweza kuwa ameingia katika haki ya mpiga picha. Aliyesafiri hadi Kisarawe, akaketi na wazee na kuchora kifaa kwa pande zote nne, yuko huru kisheria, na hakuna kinachomlazimisha kukitaja kijiji kilichomkaribisha. Sheria inamkaba yule aliye mbali na chanzo na kumnyamazia yule aliye karibu nacho. Pengo hilo haliwezi kuzibwa mahakamani. Linaweza kuzibwa na desturi ya uchapishaji, na zaidi na watahini wa tasnifu za sanaa, ambao tayari humrudishia mwanafunzi kazi asipotaja ukurasa wa riwaya aliyoinukuu na wangeweza kumdai vivyo hivyo chanzo cha mchoro.

7.0 Jina la chanzo

Kinachohitajika ni kidogo: mstari mmoja katika ukurasa wa hakimiliki, unaosema kielelezo cha ukurasa fulani kimechorwa kutokana na nini. Mstari huo uoneshe ngazi, kwa kuwa ngazi ndizo hufutika. "Kimechorwa kutokana na picha ya katalogi ya mwaka 1994, ya kifaa cha Kizaramo kilichokusanywa pwani" ni taarifa yenye ukweli na yenye unyenyekevu. Inamwambia mtafiti ajaye kwamba mchoraji hakukiona kifaa, na kwamba kivuli kilichomo si ushahidi. "Kimechorwa mbele ya kifaa, Kisarawe" ni taarifa ya aina nyingine. Zote mbili ni bora kuliko "sanaa ya asili ya Kiafrika", maneno ambayo hayana mahali.

Ugumu unabaki katika kuchagua jina. Vifungu vya Mfano vinaruhusu kutaja jamii, au mahali, au vyote viwili. Katika sehemu za ndani za Kisarawe jina la jamii halitaleta mgogoro mkubwa. Kibaha ni tofauti. Mzaramo na Mkwere wamekuwa majirani na wakwe kwa muda mrefu, mwana hiti ni wa wote wawili, na makumbusho za Ulaya zimekuwa zikibandika kifaa kimoja jina la "Zaramo" na kingine kinachofanana nacho jina la "Kwere" kwa kufuata kauli ya muuzaji. Mchoraji akichagua kabila atakuwa ameamua ugomvi ambao wenyeji hawakuuanzisha. Akitaja mahali, Mlandizi au Soga au Ruvu, atakuwa amesema anachokijua, na ameacha nafasi kwa bibi wa upande wowote kusema kwamba huyo ni wa kwao.